Mwenye Mwili Hajaulizwa: Mzazi Mgonjwa na Uamuzi wa Upasuaji wa Hatari

Mzazi akiambiwa anahitaji upasuaji mkubwa, katika familia nyingi za Afrika Mashariki yeye ndiye wa mwisho kuulizwa. Daktari humwita pembeni mtoto mkubwa wa kiume, au yule anayelipa bili. Huyo naye huwapigia simu wenzake. Kufika jioni, kundi la familia la WhatsApp limeshafunguliwa, mjomba ameshatoa msimamo, dada aliyeko Muscat ameshaahidi fedha, na mmoja ameshashauri kwamba mgonjwa asiambiwe kila kitu, presha isije ikampanda. Mgonjwa mwenyewe yuko wodini. Anawaona watoto wakinong'ona mlangoni na anajua wanamzungumzia yeye.

Nia ya watu hawa ni njema. Wanampenda mzazi wao, na baadhi yao wako tayari kuuza kiwanja ili apone. Lakini mapenzi yasiyo na utaratibu humwondoa mgonjwa katika jambo linalomhusu kuliko linavyomhusu mtu mwingine yeyote. Ninaloshikilia katika uchambuzi huu ni kwamba mtoto hakupewa kazi ya kumwamulia mzazi, wala ya kumshawishi. Kazi yake ni kumwezesha aamue: kuhakikisha anapata ukweli kuhusu kila njia iliyopo, kumuuliza ni maisha gani anayoyataka, kisha kusimama naye katika njia atakayoichagua. Kazi hiyo ina hatua zake, na kila hatua ina mitego yake.

Tuna muda gani?

Swali la kwanza kwa daktari ni la muda. Ngiri iliyobana, utumbo uliotoboka au damu inayovuja ndani ya fuvu haisubiri kikao. Uamuzi ni wa saa chache. Mzee aliyevunjika nyonga anatakiwa afanyiwe upasuaji ndani ya siku moja au mbili, kwa sababu kila siku ya kulala chali humsogezea vidonda vya mgandamizo, damu kuganda kwenye mishipa ya miguu, na nimonia. Mguu wa kisukari ulioanza kuoza nao huhesabiwa kwa siku. Mwanzoni kinachotakiwa kukatwa ni kidole. Ukicheleweshwa, ni mguu chini ya goti, na ukicheleweshwa zaidi, maambukizi yanaingia kwenye damu na kinachojadiliwa ni uhai wenyewe.

Saratani nyingi, valvu ya moyo iliyochakaa au uvimbe unaokua polepole hutoa wiki kadhaa, pengine miezi. Muda huo unatosha kutafuta maoni ya daktari wa pili, kufika hospitali ya rufaa penye bingwa, na kumwandaa mgonjwa.

Familia hukosea pande zote mbili. Hofu huharakisha yanayoweza kusubiri, na vikao huchelewesha yasiyoweza kusubiri. Mguu wa kisukari ndio mfano mchungu kuliko yote: mzazi anakataa kukatwa, watoto wanaona vibaya kumrudia, na hakuna anayemweleza waziwazi kwamba kukaa bila kuamua nako ni uamuzi, tena ambao matokeo yake yanajulikana. Kumheshimu mzazi hapa ni kumweleza hivyo mapema, kwa upole, mbele ya daktari, mguu ungali unaweza kuokolewa.

Hatari ni kiasi gani, na kwa nani?

Mwaka 2018 jarida la kitabibu la The Lancet lilichapisha utafiti mkubwa kuhusu matokeo ya upasuaji barani Afrika. Ulihusisha wagonjwa 11,422 katika hospitali 247 za nchi 25. Asilimia 18.2 walipata matatizo baada ya upasuaji, na asilimia 2.1 walifariki. Kiwango hicho cha vifo kilikuwa mara mbili ya wastani wa dunia, ingawa kwa umri na hali zao wagonjwa hao hawakutarajiwa kuwa katika hatari kubwa.

Takwimu hiyo inahitaji kusomwa kwa makini kabla ya kupelekwa kwenye kikao cha familia. Kwanza, theluthi moja ya upasuaji uliohesabiwa ulikuwa wa kujifungua, wa kina mama vijana. Mzee wa miaka 75 mwenye kisukari na moyo dhaifu, anayekwenda kutolewa sehemu ya utumbo, hayumo katika wastani ule. Hatari yake iko juu zaidi, na ni daktari wake tu anayeweza kuikadiria.

Pili, idadi kubwa ya vifo hivyo, zaidi ya asilimia 90, haikutokea mezani. Vilitokea siku zilizofuata, wodini. Familia huuliza kama daktari wa upasuaji ni hodari, na ni haki yao kuuliza, lakini jibu lake ni nusu ya habari. Nusu nyingine iko kwenye maswali ambayo watu huona haya kuyauliza. Upasuaji huu hufanywa hapa mara ngapi kwa mwaka? Kuna kitanda katika chumba cha wagonjwa mahututi iwapo kitahitajika? Damu ya kundi lake ipo, au tutafute wachangiaji? Usiku wauguzi ni wangapi kwa wagonjwa wangapi? Likitokea tatizo saa nane za usiku, nani anaitwa? Baadhi ya watafiti walewale walirudi na utafiti wa pili, uliotoka mwaka 2021, wakajaribu kuongeza uangalizi wa wagonjwa walio katika hatari baada ya upasuaji. Vifo havikupungua. Kumwangalia mgonjwa kwa karibu zaidi hakutoshi pale ambapo tatizo likionekana hakuna uwezo wa kulitibu. Kwa hiyo uwezo wa hospitali una uzito uleule wa mkono wa bingwa.

Kuna pia habari ya matumaini, na sehemu yake imetoka kwetu. Orodha ya Shirika la Afya Duniani ya ukaguzi wa usalama wa upasuaji, ambayo timu huipitia kwa sauti kabla ya nusu kaputi, kabla ya kukata, na kabla ya mgonjwa kutolewa chumbani, ilijaribiwa katika hospitali za miji minane duniani, na mmoja kati ya hiyo minane ni Ifakara, mkoani Morogoro. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha vifo vikishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo kutoka asilimia 11 hadi 7. Mtoto anayemuuliza daktari kwa adabu kama orodha ile hutumika hapo hamvunjii mtu heshima.

Tatu, hatari hupungua mgonjwa akiandaliwa. Anayevuta sigara akiacha walau wiki nne kabla ya upasuaji, kidonda na mapafu yake hupona vizuri zaidi. Upungufu wa damu hutibiwa kabla. Sukari hushushwa. Aliyekonda hulishwa vizuri. Mazoezi ya kuvuta pumzi ndefu na kutembea kila siku huimarisha mapafu. Dawa zote, pamoja na za miti shamba, zitajwe kwa daktari wa usingizi, kwa kuwa baadhi hufanya damu isigande na nyingine hushusha sukari. Mzazi anayejua kwamba mwanawe ameitaja dawa ya mganga bila kumwaibisha ataitaja na ile aliyoificha.

Idadi ileile, maneno tofauti

Mwaka 1982 Barbara McNeil, Amos Tversky na wenzao walichapisha jaribio ambalo kila familia ingefaidika kulijua. Waliwaomba watu, wakiwamo madaktari, wachague kati ya upasuaji na mionzi kwa saratani ya mapafu. Baadhi walielezwa ni wangapi kati ya mia hupona upasuaji. Wengine walielezwa ni wangapi hufa. Hesabu ilikuwa moja. Waliosikia habari ya vifo waliukwepa upasuaji zaidi ya waliosikia habari ya kupona, na madaktari nao walivutwa na maneno kama watu wengine.

Fundisho lake ni rahisi kulifuata nyumbani: idadi isemwe pande zote mbili. "Kati ya watu mia wenye hali ya Baba, tisini hutoka salama na kumi hufariki." Tena isemwe kwa kuhesabu watu, maana asilimia huwapita wazee wengi, wakabaki wakiitikia tu kwa heshima. Na njia ya kutofanya upasuaji nayo ipewe hesabu yake. Familia nyingi hulinganisha hatari ya upasuaji na hali ya leo, kana kwamba mzazi asipopasuliwa atabaki alivyo. Ulinganisho wa haki ni kati ya njia mbili zinazokwenda mbele, kila moja na mwisho wake.

Gretchen Schwarze, daktari wa upasuaji wa Chuo Kikuu cha Wisconsin nchini Marekani, ametengeneza na wenzake njia inayosaidia hapa. Daktari huchora mistari ya wima kwenye karatasi, mmoja kwa kila njia. Juu ya mstari huandika hali bora inayoweza kupatikana, chini huandika hali mbaya, kisha huweka alama pale anapoona mgonjwa huyu ana uwezekano zaidi wa kuangukia. Kalamu na karatasi zinatosha, na mtoto anaweza kumwomba daktari afanye hivyo.

Tuchukue saratani ya umio, ambayo imeenea katika ukanda wa mashariki mwa Afrika kutoka Ethiopia hadi kusini. Mama huanza kukwama na nyama, halafu ugali, halafu hata uji, na anapofika hospitali mara nyingi ugonjwa umeshasogea. Mstari wa upasuaji: hali bora ni uvimbe kuondolewa wote, tumbo la chakula kuvutwa juu lishike nafasi ya umio, na kupata miaka. Hali mbaya ni maungio kuvuja, maambukizi kifuani, wiki za chumba cha wagonjwa mahututi, na kifo hospitalini. Mstari wa pili: kuwekewa kijibomba cha waya kinachotanuka, kazi ambayo Hospitali ya Tenwek huko Bomet, Kenya, inajulikana kwayo. Hali bora ni kumeza uji na chakula laini ndani ya siku chache na kurudi nyumbani. Hali mbaya ni kijibomba kuhama au kuziba. Hakiponyi saratani. Mstari wa tatu ni mionzi. Mbele ya karatasi ya namna hiyo mazungumzo hubadilika. Mama anaweza kuweka kidole na kusema, "Hiki siwezi. Hiki naweza."

Maisha ya namna gani?

Swali la "atapona?" huficha swali kubwa zaidi. Mwaka 2002 Terri Fried na wenzake walichapisha mahojiano na wagonjwa 226 wazee wenye maradhi makubwa. Matibabu yakiwa mepesi na yenye kuwarudishia afya waliyonayo, karibu wote waliyataka. Walipoulizwa kama wangeyataka iwapo wangebaki hai lakini wakiwa na ulemavu mkubwa wa mwili, karibu robo tatu walikataa. Walipotajiwa kubaki hai bila akili timamu, karibu tisa kati ya kumi walikataa. Wagonjwa hao walikuwa Marekani, na wazee wetu wanaweza kupima mambo kwa mizani nyingine. Namna ya kujua ni moja: kuwauliza.

Na tusidhani tunajua. Uchambuzi wa tafiti kadhaa uliochapishwa mwaka 2006 ulikuta kwamba ndugu wanaowasemea wagonjwa hutabiri matakwa yao kwa usahihi wa asilimia 68 tu. Mara moja kati ya tatu, mtu wa karibu anayempenda mgonjwa alisema kitu ambacho mgonjwa hakukitaka. Hata wale walioteuliwa na mgonjwa mwenyewe hawakufanya vizuri zaidi.

Daktari Atul Gawande, mwenyewe mpasuaji, amesimulia kisa cha mwenzake, Susan Block, bingwa wa tiba shufaa. Baba yake Susan, Jack Block, profesa wa saikolojia aliyestaafu, alikutwa na uvimbe kwenye uti wa mgongo, shingoni. Upasuaji ulikuwa na hatari ya kumpoozesha mwili. Usiku wa kuamkia upasuaji, baada ya kuagana naye, Susan alitambua kwamba yeye, ambaye kazi yake ni kuzungumza na wagonjwa, alikuwa hajui baba yake anataka nini. Akarudi kumuuliza. Baba akajibu kwamba kama ataweza kula aiskrimu ya chokoleti na kutazama mpira kwenye televisheni, basi yuko tayari kuvumilia mengi ili aishi. Jibu hilo lilimshangaza Susan, kwa kuwa hakuwahi kumjua baba yake kama mpenzi wa mpira. Baada ya upasuaji damu ilivuja, na madaktari wakamtaka Susan aamue dakika zile kama warudi ndani. Akawauliza kama baba yake ataweza kula aiskrimu na kutazama mpira. Wakasema ndiyo. Akatoa ruhusa. Mzee aliishi miaka mingine kumi, akaandika vitabu.

Kwa wazee wetu mizani itataja mambo mengine. Mmoja atasema anataka kuweza kwenda msikitini kwa miguu yake. Mwingine, kujisitiri mwenyewe chooni bila kuinuliwa na mkwe. Mwingine, kuona mjukuu akiolewa mwezi wa kumi na mbili, hata kama baada ya hapo hakuna mengi. Jibu la namna hii linamsaidia daktari kuliko maneno "fanyeni kila kinachowezekana", ambayo hayamwambii aache wapi.

Namna ya kuuliza ina adabu yake. Kumkabili mzee na habari ya kifo ni ukosefu wa adabu, lakini mlango unaweza kubishwa taratibu. "Baba, daktari ana mambo ya kutueleza. Ungependa uyasikie mwenyewe, tuyasikie pamoja, au unitume mimi?" Akisema, "Nenda wewe, mwanangu, mimi nimechoka," hilo nalo ni chaguo lake, na ni halali. Ila usiondoke hapo. "Nitakwenda, Baba. Ila niambie kwanza, ni jambo gani ukilikosa utaona huna tena maisha? Nipate la kuwaambia." Aliyemtuma mwanawe bado ndiye mwenye uamuzi, mradi amemtuma na neno.

Wapo wanaoogopa kwamba kuyazungumza haya ni kuyaita. Lakini dini zetu zimeyazungumza tangu zamani. Muislamu amehimizwa kuandika wasia na kutaja madeni na amana. Mkatoliki hupakwa mafuta matakatifu anapougua. Shehe, padri au mchungaji anayeheshimiwa na mzee anaweza kuwa mtu wa kwanza kufungua mazungumzo ambayo watoto wameshindwa kuyaanza.

Nani akae kwenye kikao?

Kikao cha familia si adui wa mgonjwa. Mtu wa kwetu haugui peke yake, na wazee wengi wangeona wametupwa kama wangeachiwa waamue bila watu wao. Kikao kinapoharibika, mara nyingi ni kwa sababu ya waliokaa na wasiokaa.

Anayekosekana zaidi, baada ya mgonjwa mwenyewe, ni yule atakayeuguza. Mara nyingi ni binti, au mkwe, anayelala wodini kwenye mkeka, anayejua Mama alikula vijiko vingapi na alilia saa ngapi. Kaka zake wanajadili, yeye anatumwa kuleta chai. Halafu upasuaji ukiisha ni yeye atakayebadilisha mfuko wa haja kubwa, kuosha kidonda na kumgeuza mgonjwa kila baada ya saa mbili. Uamuzi usiomsikiliza umejengwa juu ya mtu ambaye hakuulizwa kama ataweza.

Yupo pia ndugu wa mbali, aliyeko Ghuba, Ulaya au Marekani, ambaye kwa umbali na uchungu hutaka lifanyike kila lililo kubwa. Hakumwona mzazi akishuka mwezi kwa mwezi. Kwake ugonjwa umeanza jana. Asibezwe. Apigiwe simu ya video akiwa pamoja na daktari, asikie mwenyewe, amwone mzazi na kumsikia akizungumza.

Sheria nayo ina neno. Nchini Kenya, Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inataka mgonjwa aelezwe hali yake, njia za matibabu, faida, hatari na gharama, na haki yake ya kukataa. Ridhaa ya ndugu huja pale mgonjwa mwenyewe asipoweza kuitoa. Sahihi ya mtoto haina uzito juu ya kauli ya mzazi mwenye akili timamu, hata kama mtoto ndiye anayelipa. Familia na ichague msemaji mmoja wa kuzungumza na madaktari, aandike anayoambiwa, na awasomee wote maelezo yaleyale. Ugomvi mwingi huzaliwa na watu watatu walioelezwa mambo matatu na madaktari watatu.

Fedha inapojibu badala ya mgonjwa

Tume ya The Lancet kuhusu upasuaji duniani ilitoa ripoti mwaka 2015: watu bilioni 5 hawawezi kupata upasuaji ulio salama na wanaoumudu. Kila mwaka watu milioni 33 huingizwa katika gharama za kuwafilisi kwa kulipia upasuaji na nusu kaputi, na wengine milioni 48 kwa gharama zilizo nje ya matibabu, kama nauli, malazi na chakula.

Ndiyo maana "hapana" ya mzazi inahitaji kusikilizwa mara mbili. Baba akisema, "Nimeshakula chumvi nyingi, niacheni," huenda anasema hivyo kweli. Huenda pia anasema, "Msiuze shamba kwa ajili yangu." Swali la kutenganisha mambo haya ni moja: "Baba, kama fedha isingekuwa shida, ungetaka nini?" Akisema angetaka upasuaji, familia imepata tatizo la fedha, na tatizo la fedha lina milango ya kubisha: ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali ya umma, bima, michango, malipo ya awamu. Akisema hata hivyo hautaki, basi mnajua.

Kuna mtego wa upande wa pili. Michango ikishapatikana, hupata nguvu yake yenyewe. Watu wametoa, kamati imetangaza, hospitali ya India imeshatoa tarehe, na mgonjwa anaona haya kusema amebadili mawazo. Mkweo akichanga fedha, amechangia nafasi ya mzee kuchagua, hajamnunulia upasuaji. Mwenye kamati aseme hivyo siku ya kwanza.

Hesabu yenyewe ifanywe nzima. Bei ya upasuaji ni sehemu tu. Kuna siku za chumba cha wagonjwa mahututi, vipimo vya marudio, dawa, usafiri wa kliniki, na mshahara wa anayeacha kazi ili auguze. Taratibu za bima zimo katika mabadiliko: Tanzania ilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, na Kenya ilihama kutoka bima ya NHIF kwenda mfumo mpya wa SHA Oktoba 2024. Kwa hiyo msitegemee uzoefu wa jirani wa mwaka juzi. Ulizeni kwa maandishi bima inalipa nini na inaishia wapi.

Akisema hapana

Mzazi akikataa, mtoto ana wajibu wa kuhakikisha mambo machache: kwamba ameelewa yatakayofuata, kwamba hajakataa kwa sababu ya maumivu ambayo yangeweza kutulizwa leo, au huzuni ambayo ingeweza kutibiwa, na kwamba hajaogopeshwa na kisa cha mtu mwingine mwenye ugonjwa mwingine. Mpe siku, kama muda upo, kisha muulize tena mara moja. Baada ya hapo, kuendelea kumbana ni kumnyanyasa.

Lakini kukataa upasuaji si kukataa tiba, na hapa ndipo familia nyingi, na hospitali pia, humwacha mgonjwa mkono. Tiba shufaa inatuliza maumivu, kichefuchefu, kukosa pumzi na hofu. Uganda iko mbele katika hili: tangu mwaka 1993 Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa na daktari Anne Merriman, imetumia mofini ya maji ya kunywa, ambayo mgonjwa anaweza kuitumia nyumbani. Nairobi Hospice ilianza mwaka 1990. Dar es Salaam, Taasisi ya Saratani Ocean Road inatoa huduma hizo. Wapo wanaoamini mofini ni dawa ya kumalizia mtu. Ikitolewa kwa kipimo sahihi hutuliza maumivu, na mgonjwa asiye na maumivu hulala, hula na huzungumza na watu wake.

Akisema ndiyo

Akikubali, kuna mazungumzo ya kumaliza kabla ya siku yenyewe. Wakifungua na kukuta ugonjwa umesambaa, afanyiwe nini? Akihitaji mashine ya kupumulia, akae nayo hadi wapi? Asipoweza kuzungumza, nani amsemee? Majibu yaandikwe, daktari apewe nakala, na ndugu wote wayajue. Mambo ya dunia nayo, madeni, amana, hati, yatajwe sasa. Mzee aliyekwisha kuyasema huingia chumba cha upasuaji mwepesi.

Baada ya upasuaji, zamu ziwe zimepangwa kwa majina, usiku na mchana, wanaume wakiwamo. Anayekesha afundishwe na muuguzi dalili za kuripoti mara moja: homa, pumzi za haraka, kuchanganyikiwa kwa ghafla, mkojo kupungua, kidonda kutoa harufu au majimaji, tumbo kujaa. Wageni wapunguzwe kwa upole. Mgonjwa ainuliwe, akae, atembee mapema kama daktari alivyoruhusu, hata kama huruma inasema alale.

Lawama

Hata yote yakifanywa vizuri, mengine yatakwenda vibaya. Mzazi anaweza kufa siku ya tatu baada ya upasuaji aliouchagua, au miezi minne baada ya kuukataa. Hapo huja sauti: tungempeleka mapema, tungemkatalia, tungemlazimisha. Familia zimevunjika kwa sentensi moja iliyosemwa matangani.

Uamuzi hupimwa kwa yaliyojulikana siku ulipofanywa. Familia iliyouliza maswali, ikamsikia mzazi kwa kauli yake na ikaiandika, ina kitu cha kushika siku ya msiba. Inaweza kumjibu kila mwenye kulaumu kwamba hivi ndivyo alivyotaka mwenyewe, na tulikuwepo aliposema. Familia iliyoamua kwa siri kubwa haina jibu hilo, hata pale ambapo uamuzi wake ulikuwa sahihi kitabibu.

Hospitali nazo zina deni lao. Daktari anayetuma fomu ya ridhaa kwa mkono wa muuguzi, isainiwe kabla ya saa mbili asubuhi, amepata sahihi tu. Madaktari bingwa ni wachache na foleni ni ndefu, hilo linaeleweka. Lakini nusu saa, kiti cha kukaa, Kiswahili chepesi na karatasi yenye mistari havihitaji mashine ya mabilioni. Wizara na vyuo vya udaktari vikiyahesabu mazungumzo haya kuwa sehemu ya upasuaji wenyewe, wagonjwa wengi watapata walichokichagua.

Na sisi tulio na wazazi wazima hatuna sababu ya kungoja wodi. Sikukuu inapowakusanya watoto nyumbani, baada ya kula, mmoja anaweza kuwauliza wazazi wakiwa na nguvu zao: siku mkiugua sana, mngetaka tufanyeje, na nani awasemee? Watashangaa kidogo, pengine watakemea. Halafu, kwa ninavyowajua wazee wetu, watajibu, kwa sababu wamelifikiria jambo hili kwa muda mrefu kuliko sisi.